Mtoto Anavyojifunza Kusoma na Kuandika: Mwongozo kwa Akina Mama na Walezi wa Mbulu na Hanang

"Nesi, mwanangu yuko darasa la pili na bado hajui kusoma. Je, ana tatizo kichwani?"

Swali hili huulizwa mara nyingi kliniki, na mama huliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu. Jibu fupi ni hili: mara nyingi mtoto hana tatizo la akili. Kuna kitu kinamzuia. Huenda hasikii vizuri, haoni ubaoni, anakwenda shule na njaa, hajaelewa lugha ya mwalimu, au anakosa siku nyingi za masomo. Mengi kati ya haya yanaweza kurekebishwa yakijulikana mapema.

Ukurasa huu unaeleza jinsi mtoto mdogo anavyojifunza kusoma na kuandika, unachoweza kufanya nyumbani hata kama wewe mwenyewe hukusoma, na dalili zinazohitaji umpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya.

Kwa ufupi

- Kusoma huanza na masikio na mdomo. Mtoto anayezungumzishwa sana tangu uchanga hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi.
- Kiiraqw, Kidatoga au lugha nyingine ya nyumbani haimharibii mtoto Kiswahili. Inamsaidia.
- Lishe, damu ya kutosha, masikio na macho yenye afya ni sehemu ya kusoma.
- Mlezi asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mtoto kusoma.
- Kumpiga au kumwita mtoto "mzito" hakumfundishi. Hofu humfanya asahau hata alichokijua.

Kusoma huanza kabla ya shule

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa tangu akiwa tumboni hadi anapofika miaka mitatu. Ndiyo maana kliniki ya wajawazito tunasisitiza vidonge vya kuongeza damu, chakula cha mchanganyiko na kuacha kabisa pombe, iwe ya dukani au ya kienyeji. Pombe anayokunywa mama humfikia mtoto na inaweza kudhuru ubongo wake.

Baada ya kuzaliwa, ubongo unahitaji chakula na unahitaji pia maneno. Kila unapomnyonyesha, unapomwogesha au unapombeba mgongoni kwenda shambani, zungumza naye. Mwambie unachofanya: "Sasa tunachuma maharage. Hili ni bichi, hili limekauka." Akitoa sauti, mjibu kama vile amesema neno, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi naye ajibu. Mazungumzo haya ya kupokezana humfundisha kwamba sauti zina maana. Miaka mitano au sita baadaye atajifunza kwamba sauti hizohizo zinaweza kuandikwa.

Serikali imeliweka jambo hili katika mpango wa taifa. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayojulikana kama PJT-MMMAM, kwa watoto wenye umri wa hadi miaka 8. Inataja mambo matano yanayokwenda pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake ni hayo tuliyoyasema: mtoto anaita, mlezi anaitika.

Lugha ya nyumbani na Kiswahili

Wilaya zetu zina lugha nyingi. Wairaqw ndio wengi Mbulu na wako wengi pia Hanang. Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, wako zaidi Hanang. Wahadzabe wanaishi bonde la Yaeda, na wapo pia Wanyaturu, Wanyiramba na wengine. Watoto wengi wa vijijini hukutana na Kiswahili cha kutwa nzima kwa mara ya kwanza darasa la awali.

Baadhi ya wazazi huacha kabisa kuzungumza lugha yao na mtoto ili "asichelewe Kiswahili." Wengine hujitahidi kwa Kiswahili cha maneno machache tu, na mtoto anaishia kusikia maneno machache katika lugha zote mbili. Ushauri wetu ni huu: zungumza naye lugha unayoiweza vizuri kuliko zote, lugha unayoweza kusimulia hadithi, kutania na kueleza kwa nini. Mtoto mwenye maneno mengi ya Kiiraqw anaelewa tayari mambo mengi, na Kiswahili kinampa jina la pili la kile anachokijua. Akijua ma'ay, kilichobaki ni kujifunza kwamba shuleni huitwa maji. Akijua slee, atajifunza ng'ombe.

Kisha ongeza Kiswahili kidogo kidogo kabla ya shule: salamu, namba, majina ya viungo vya mwili, rangi, na maagizo ambayo mwalimu hutumia, kama "kaa," "simama," "chora," "sikiliza," "fungua daftari." Mtoto asiyeelewa maneno haya siku ya kwanza huonekana mkaidi, kumbe hajaelewa tu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina, kama zile zinazoandikwa sl, tl na hh. Kiswahili nacho kina sauti kama z na v ambazo si za asili katika Kiiraqw. Kwa hiyo mtoto anaweza kusema "sawadi" badala ya "zawadi," na kuandika hivyohivyo kwa sababu anaandika anachosikia. Huo si ugonjwa wala uzembe. Mrudishie neno kwa usahihi bila kumcheka: "Ndiyo, ni zawadi. Zzz, kama nyuki." Usimcheke mbele ya wenzake, maana mtoto aliyechekwa hunyamaza, na akinyamaza hajifunzi.

Hatua ambazo mtoto hupitia

Watoto hawalingani. Umri uliotajwa hapa ni wa kukadiria.

Kuzaliwa hadi mwaka 1: Anageukia sauti, anatabasamu, anatoa sauti kama "ba-ba-ba" na "da-da-da." Mwimbie, mwite kwa jina, mwonyeshe vitu na kuvitaja.

Mwaka 1 hadi 2: Anaanza kusema maneno, kisha anaunganisha mawili, kama "mama maji." Anaonyesha kwa kidole. Taja kila anachokionyesha.

Miaka 3 hadi 4: Anasema sentensi, anauliza "kwa nini?" bila kuchoka, anapenda hadithi ileile kila siku. Usichoke kuirudia, kwa kuwa kurudia ndiko kunakomfundisha mpangilio wa hadithi: mwanzo, katikati na mwisho. Anachorachora pia ardhini kwa kijiti. Huo ni mwanzo wa kuandika.

Miaka 5, darasa la awali: Anaanza kusikia vipande vya neno. Hapa kuna mchezo mzuri wa kupiga makofi. Sema neno polepole na mpige kofi kwa kila silabi: ma-ma, makofi mawili, m-to-to, matatu, ma-ha-ra-ge, manne. Mchezo huu hauhitaji kitabu, na ni mazoezi ya moja kwa moja ya kusoma Kiswahili.

Miaka 6 hadi 7, darasa la kwanza na la pili: Anaunganisha herufi na sauti. Tangu 2015 madarasa haya yana mtaala unaotilia mkazo KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kwa kawaida mtoto huanza na irabu a, e, i, o, u. Kisha huongezewa konsonanti moja moja: ma, me, mi, mo, mu; ba, be, bi, bo, bu. Akiziweza, anaziunganisha kuwa maneno: ba-ba, ma-ma, me-no. Baadaye zinakuja silabi ngumu zaidi kama mbo, nge, nya, cha na mwa, na tofauti kati ya ng na ng'.

Kiswahili kinamrahisishia mtoto kazi hii. Karibu kila herufi inasomwa kwa sauti ileile kila mahali, na irabu ni tano tu. Mtoto akishazijua silabi zake anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona.

Lakini kuna mtego. Mtoto anaweza kusoma neno bila kulielewa, au akakariri ukurasa mzima wa kitabu kwa kusikia wenzake. Kwa hiyo akimaliza kusoma, muulize: "Imesema nini? Nani alikwenda wapi?" Kisha mfunikie sehemu ya ukurasa, onyesha neno moja la katikati na umwombe alisome. Akishindwa, ujue alikuwa anakumbuka wimbo tu.

Vipi kuhusu kuandika?

Kuandika ni kazi ya mkono, jicho na akili kwa pamoja. Kabla ya penseli, vidole vinahitaji nguvu. Kazi ndogo za nyumbani husaidia sana: kupukuchua mahindi kwenye gunzi, kuchambua maharage, kumenya vitunguu saumu, kufinyanga ng'ombe wa udongo, kushona shanga. Mtoto anayefinyanga ng'ombe wenye pembe anaandaa vidole vya kushika penseli.

Mwanzo mzuri ni kuandika ardhini. Lainisha vumbi au jivu lililopoa, andika herufi moja kubwa, mwache aifuatishe kwa kidole huku akitamka sauti yake. Mkaa kwenye jiwe bapa hufaa pia. Neno la kwanza la kuandika liwe jina lake mwenyewe, kwa kuwa kila mtoto anataka kuliona.

Mambo mawili huwapa wazazi wasiwasi bila sababu. La kwanza ni kugeuza herufi, kama kuandika b mahali pa d. Hili ni la kawaida hadi kama miaka 7. La pili ni mkono wa kushoto. Usimlazimishe mtoto kuhamia mkono wa kulia, usiufunge mkono wala kuupiga. Mkono anaoutumia umetokana na ubongo wake ulivyo, si tabia mbaya. Mwombe mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa dawati ili asigongane kiwiko na mwenzake.

Tumbo, damu na akili

Kuanzia mwaka 2009, watoto wa maeneo ya Haydom walifuatiliwa tangu kuzaliwa katika utafiti mkubwa uitwao MAL-ED, uliofanyika katika nchi 8 za Asia, Afrika na Amerika Kusini. Udumavu ulionekana kwa kiwango kikubwa hapa kwetu. Kwa kulinganisha maeneo yote, utafiti ulionyesha pia kwamba ukuaji wa akili wa mtoto wa miaka miwili ulihusiana na maradhi aliyougua, hali ya damu yake na mazingira ya nyumbani, ikiwemo jinsi mlezi anavyomchangamsha.

Baadaye utafiti mwingine wa Haydom, ELICIT, uliwapa watoto zaidi ya 1,000 dawa za kuua vimelea vya tumboni na vitamini, kuona kama watakua vizuri zaidi. Dawa hizo hazikuongeza urefu wao. Kwa mama, somo ni hili: hakuna kidonge kimoja kinachofanya kazi ya chakula bora, maji safi, choo na malezi.

Fanya haya:

- Mnyonyeshe maziwa yako pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha ongeza chakula huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.
- Ugali na maziwa peke yake havitoshi. Ongeza maharage au mbaazi, mboga za majani kama mnafu na mchicha, yai, na nyama au maini inapowezekana. Chungwa au limao pamoja na mboga husaidia mwili kupata madini ya chuma.
- Chai isinywewe pamoja na chakula. Inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata. Iwe kando, muda mwingine.
- Mpeleke apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1.
- Asiende shule bila kula. Uji asubuhi unatosha kumfanya asikilize. Shule nyingi hupika uji pale wazazi wanapochangia mahindi, maharage na kuni. Mchango huo unamsaidia mtoto wako asome.

Mtoto mwenye upungufu wa damu huonekana mvivu: anasinzia darasani, hachezi, viganja na sehemu ya ndani ya kope ni vyeupe. Kabla ya kumgombeza, mlete apimwe.

Masikio na macho

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka 8 kufunga kidonda cha mguu. Alisema mtoto amerudia darasa, anakalishwa nyuma, na nyumbani ameshaitwa mzito. Wakati nafunga kidonda niliongea na mtoto akiwa amenipa mgongo. Hakugeuka. Nilipoangalia masikio, yote mawili yalikuwa na usaha mkavu. Bibi alisema masikio hayo yamekuwa yakitoa usaha "tangu mdogo," yanakauka na kuanza tena, na wakiyaona hivyo huweka mafuta.

Alitibiwa na kupewa rufaa. Sikio moja lilipona vizuri, jingine lilibaki halisikii sawasawa. Tuliandika barua kwa mwalimu akalishwe mbele, sikio zuri likimwelekea mwalimu. Mwaka uliofuata alikuja na bibi yake kliniki ya mdogo wake, akasimama mbele ya bango letu ukutani, akasoma kwa kidole: "Cha-njo. Chanjo." Bibi alimwambia arudie tena. Miaka miwili mtoto yule aliitwa mzito kwa sababu ya masikio.

Kuhusu masikio:
- Usaha wowote sikioni ni sababu ya kwenda zahanati, hata kama mtoto halii.
- Usiweke mafuta, maziwa ya mama, mkojo, dawa za majani wala kijiti.
- Sikio linalotoa usaha likaushwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, hadi likauke. Muuguzi atakuonyesha. Tumia dawa ya matone utakayopewa kwa siku zote ulizoambiwa.
- Pima usikivu kwa njia rahisi: simama nyuma ya mtoto, hatua mbili, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kadhaa, mlete.

Kuhusu macho:
- Mtoto anayekunja uso akitazama mbali, anayesogeza daftari karibu sana na pua, anayenakili ubaoni kwa makosa lakini akiambiwa kwa mdomo anajibu vizuri, apimwe macho.
- Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake wanaona anaweza kuwa na upungufu wa vitamini A. Usisubiri.
- Nawisha uso wa mtoto kila siku. Macho yenye tongotongo na nzi hupata trakoma, ambayo isipotibiwa huweza kupofusha ukubwani.
- Asisome kwa kibatari. Moshi unaumiza macho na kifua, na mwanga hautoshi. Dakika kumi za mchana ni bora kuliko saa nzima ya gizani.

Kifafa si mkosi na hakiambukizi

Wapo watoto wanaotolewa shule kwa sababu wanaanguka. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa kugusana wala kwa kukaa dawati moja. Kina dawa, na watoto wengi wanaomeza dawa kila siku huacha kuanguka na kuendelea na masomo.

Si kila kifafa huonekana kwa kuanguka. Mtoto mwingine hukodoa macho kwa sekunde chache, haitikii, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Likitokea mara nyingi kwa siku, anapoteza nusu ya somo. Mwambie muuguzi.

Chanzo kimoja tunaweza kukizuia. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa kifafa Haydom walikuta baadhi yao wana vivimbe vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kuingia mdomoni kwa mikono michafu, maji au mboga. Kwa hiyo tumieni choo, oshe mikono kwa sabuni, fugeni nguruwe bandani badala ya kuwaacha wazurure, na nyama ya nguruwe ipikwe hadi iive kabisa.

Kama wewe hukusoma

Mama mmoja aliniambia, "Nitamsaidiaje kusoma, nami sijui hata a?" Unaweza, na hivi ndivyo:

- Kaa naye. Mwambie akusomee kila siku kwa dakika kumi. Ukikaa na kusikiliza, anajua kusoma ni jambo kubwa.
- Sikiliza mtiririko. Akisita sana kila neno, mwambie arudie sentensi hiyohiyo mara ya pili na ya tatu.
- Muulize habari ya alichosoma. Kuuliza hakuhitaji kujua herufi.
- Simulia hadithi na tega vitendawili jioni, kwa lugha yenu. Babu na bibi ni walimu hapa.
- Mwonyeshe maandishi yanayowazunguka: mfuko wa sukari, kadi ya kliniki, jina la basi, bango la zahanati. Mwulize, "Hapa pameandikwa nini?"
- Mpe ndugu mkubwa kazi ya kumfundisha mdogo silabi tano kwa juma.
- Kama mnasali kanisani au msikitini, mwache ashike kitabu cha nyimbo au cha sala na kufuatisha kwa kidole. Agano Jipya limechapishwa kwa Kiiraqw, na mtoto aliyejua silabi za Kiswahili anaweza kujaribu.

Baba naye ana nafasi. Mtoto anayemwona baba akiuliza "leo umesoma nini?" hufungua daftari kwa furaha.

Siku zinazopotea

Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Mtoto wa miaka 5 huandikishwa awali, wa miaka 6 darasa la kwanza. Lakini kuandikishwa peke yake hakutoshi. Kusoma kunajengwa juu ya jana: aliyekosa wiki ya "ma me mi mo mu" hataelewa wiki ya maneno. Anayechunga mbuzi siku mbili kwa juma, au anayebaki nyumbani kulea mdogo wakati wa mavuno, anarudi akiwa nyuma, kisha anaogopa, kisha anaanza kukwepa shule mwenyewe.

Tunajua kazi za nyumbani zipo. Tunachoomba ni zisiingie saa za shule kwa madarasa haya mawili ya mwanzo. Ripoti za Uwezo, utafiti wa kupima watoto kusoma ulioanza nchini 2010, zilionyesha kuwa takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mtoto aliyefika darasa la tatu bila kusoma huona kila somo kama ukuta.

Mtoto aliyepitia msiba

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Watoto waliopoteza ndugu au nyumba wanaweza kuonyesha dalili hata miaka baadaye: kuogopa mvua, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, ndoto mbaya, kunyamaza, au kusahau herufi alizozijua.

Usimwambie "sahau." Mweke kwenye ratiba inayojulikana ya kula, kulala na kwenda shule. Mwache achore anachotaka, hata kama anachora tope. Akitaka kusema, msikilize. Mwalimu aambiwe. Hali ikidumu zaidi ya mwezi au akiacha kula na kucheza, mlete kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyefiwa na mzazi kwa sababu nyingine yoyote.

Mlete mtoto kituoni ukiona haya

- Miezi 6: hageukii sauti.
- Mwaka 1: hatoi sauti za "ba-ba," haitikii jina lake.
- Mwaka 1 na nusu: hana neno hata moja.
- Miaka 2: haunganishi maneno mawili.
- Miaka 3: watu wasio wa nyumbani hawamwelewi kabisa.
- Miaka 7 na zaidi: amehudhuria shule vizuri mwaka mzima lakini hakumbuki irabu tano.
- Umri wowote: amepoteza uwezo aliokuwa nao, anaanguka, anatoa usaha sikioni, haoni vizuri.

Mlete mapema pia kama alichelewa kulia alipozaliwa, alizaliwa njiti, au aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyompoteza fahamu. Njoo na kadi yake ya kliniki na daftari lake la shule. Daftari hutusaidia sana.

Maswali mnayouliza

Je, simu inamfundisha kusoma? Mtoto chini ya miaka 2 hahitaji simu. Mkubwa kidogo anaweza kutazama kwa muda mfupi akiwa na wewe, lakini simu haimjibu kama wewe.

Nimwanzishe kuandika akiwa na miaka 3? Hapana haja. Mwache achore, acheze, asikie hadithi.

Mwanangu ana ulemavu. Ana haki ya kusoma? Ndiyo, kama mtoto mwingine yeyote. Usimfiche. Anza na zahanati na mwalimu mkuu, watakuelekeza hatua inayofuata.

Amerudia darasa. Imeshaharibika? Hapana. Anza na masikio, macho, damu na chakula. Kisha rudini kwenye irabu tano, bila haraka na bila fimbo.

Leo jioni, kabla ya kulala, chagua jambo moja tu. Mwite mtoto wako akiwa amekupa mgongo, uone kama anageuka. Au mpige naye makofi kwa jina lake, silabi kwa silabi. Ukiona jambo linalokutia shaka, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chako ndiye wa kwanza kuambiwa, nasi tupo zahanati.